Karatasi ya semina imeniita Sinderela, sasa naogopa kuwa mama wa kambo

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani hapa Tanga. Nashona sare za shule na madera, na vyerehani vyangu viwili viko barazani nyumbani kwetu Ngamiani. Naomba jina langu lihifadhiwe, kwa sababu wadogo zangu nao wanakusoma.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne na nimeshapata nafasi ya chuo cha ualimu. Nyuma yangu kulikuwa na watoto watatu: wa kiume wa miaka 14, wa kike wa miaka 11, na kitinda mimba wa kike aliyekuwa na miaka mitano tu. Baba hakuoa tena. Alisema mbele ya wazee kwamba hatatuletea mama wa kambo ndani ya nyumba, na mtaa mzima ukamsifu. Chuo nikakiacha. Nikawa mimi wa kuamka saa kumi na moja kukoroga uji, mimi wa kwenda vikao vya wazazi shuleni, mimi niliyekaa chumbani na mdogo wangu siku alipovunja ungo. Silalamiki. Wote wamesoma. Wa kiume yuko Dar es Salaam na hutuma hela ya dawa za baba kila mwezi, wa kike ameolewa hapa hapa Tanga, na huyo wa mwisho yuko chuo, anaishi nyumbani. Baba ana kisukari na macho yamepungua. Mimi ndiye ninayempima sukari asubuhi na kumpikia.

Mwezi wa tano kikoba chetu kilileta mwezeshaji kutoka Dar kutufanyia semina ya kujitambua. Kila mtu alitoa elfu kumi na tano, chai na cheti vikiwa humo humo. Alituambia kila mwanamke huzaliwa na haiba moja, kwamba haiba zote zimo kwenye hadithi za kale za Wazungu, na kwamba aliyeligundua hilo ni mtaalamu mkubwa wa nafsi aitwaye Carl Jung. Tukajaza dodoso la maswali 24. Ukikuta vyombo vichafu visivyo vyako unafanya nini? Ukiota, unaota maji, msitu au ngazi? Kulikuwa na Mrembo Aliyelala, Binti wa Bahari aliyetoa sauti yake, Malkia wa Theluji, Bibi Mwema, Mama wa Kambo na Sinderela, yule binti wa jivuni anayetumikishwa na mama wa kambo mpaka mwana wa mfalme anamtambua kwa kiatu chake na kumwoa. Jina langu lilipoitwa, ikatokea ukutani picha ya msichana mwenye ufagio. Ukumbi mzima ulicheka, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshainuka kukusanya vikombe vya chai.

Nami nilicheka. Lakini nilipoisoma karatasi nyumbani, kila neno lilikuwa langu. "Unawafikiria wengine kuliko nafsi yako. Una machozi ambayo hakuna aliyeyaona. Moyoni unasubiri mtu wa kukuokoa." Na chini, kwa wino mwekundu: "Kivuli cha Sinderela ni Mama wa Kambo. Aliyeteswa jikoni, akipata jiko lake naye hutesa."

Mama, hapo ndipo usingizi uliponikimbia, maana kuna jambo ambalo nyumbani hawalijui. Kuna mwanamume, mgane, fundi wa majokofu anayeishi Morogoro. Tumefahamiana mwaka na nusu kupitia dada yake, ambaye ni mteja wangu na jirani wa mtaa wa pili. Ni mtu wa maneno machache na hajawahi kunidanganya, kwa ninavyojua. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita akamwachia watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume 6. Anataka kuleta posa kabla ya Ramadhani.

Likizo ya mwezi wa sita watoto walikuja kwa shangazi yao. Siku moja nilimkalisha yule binti mkekani nimsuke. Nikaanza twende kilioni kutokea mbele, kama ninavyowasuka wote. Akasema taratibu, "Mama alikuwa anaanzia nyuma." Sijui nini kilinipata. Nilimvuta na chanuo kwa nguvu kuliko ilivyopasa, nikamwambia, "Basi mimi si mama yako." Hakulia. Alishika magoti yake tu, kimya, mpaka nikamaliza. Usiku nikaitoa ile karatasi kabatini na kuusoma ule wino mwekundu.

Nyumbani nako karatasi imekuwa wimbo. Kaka yao wa Dar, kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, ananiita "Sinderela wetu" na kutuma picha ya kiatu. Yule aliyeolewa alinifuma nikiongea na simu kwa sauti ya chini, akahisi jambo, akaniambia: "Dada, wewe umeumbwa kutumikia. Ukienda kwa watu utatumikia watoto wa watu. Si bora umtumikie baba?" Huyu wa mwisho alijaza dodoso langu kwa penseli akatoka Malkia wa Theluji, na tangu hapo haoshi sahani, anasema si haiba yake. Baba sijamwambia chochote. Akiwa na usingizi huniita kwa jina la marehemu mama, nami nakosa pa kuanzia.

Nikikubali posa, si nitakuwa nimethibitisha kwamba miaka yote nilikuwa nasubiri mwana wa mfalme? Na wale watoto je, kama kivuli changu ndicho hicho? Nikikataa, nabaki jivuni. Naomba unisaidie kufikiri, maana peke yangu nazunguka pale pale.

Fundi, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usingizi uliokukimbia.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye vile vikombe vya chai. Ukumbi ulicheka kwa kuwa picha na mtu vilifanana. Mimi nilijiuliza jingine: wale wanawake wengine wote, waliolipa elfu kumi na tano kama wewe, walidhani vikombe vyao vitajipeleka wenyewe jikoni?

Kama nimekuelewa, umebeba mizigo miwili na umeifunga kwa kamba moja. Wa kwanza ni wa kawaida kwa mtoto wa kwanza yeyote: kuna mwanamume wa heshima, kuna watoto wake wawili, kuna baba mgonjwa na nyumba iliyozoea mikono yako. Wa pili ni karatasi. Na karatasi imekaa juu ya vyote hivyo kama kawa juu ya sinia, hata huoni tena kilichopakuliwa. Niruhusu nilifunue kidogo.

Unasema kila neno lilikuwa lako. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yanayomhusu. Akawaomba waseme yamewapatia kwa kiasi gani, kutoka 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo akawafunulia kwamba wote 39 walipewa maelezo yale yale, neno kwa neno, na sehemu kubwa aliitoa kwenye kitabu cha nyota kilichokuwa kinauzwa vibandani. Machozi ambayo hakuna aliyeyaona! Nitajie mwanamke mmoja wa kikoba chenu asiye nayo. Jaribu kulifunika neno Sinderela kwa kidole, uwasomee mashoga zako watatu yaliyobaki, usikie watakavyoguna.

Sikuambii uichane. Ilikugusa, na kuguswa huko ni kwa kweli. Kwa miaka 17 pengine hakuna mtu aliyekuandikia, hata kwa kubahatisha, kwamba una machozi. Hilo tu ningelishika kwenye karatasi nzima.

Naye Jung amesingiziwa kidogo. Mswisi yule, aliyezaliwa 1875, alisema kuna sura za kale zinazojirudia katika ndoto na hadithi za watu wa kila mahali: mama, mzee mwenye hekima, mjanja (Sungura wetu angeingia hapo bila kupiga hodi), na kivuli. Lakini kwake sura hizo zote zimo ndani ya kila mtu. Hakusema wewe upewe moja na jirani yako moja, kama namba za mnada. Mwaka 1921 alitoa kitabu kuhusu aina za watu, na baadaye, alipoona wasomaji wanakitumia kubandikana majina, alilalamika kwamba huo ni mchezo wa kitoto.

Tena huyo Jung amepita kwetu. Mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, na kutoka hapo akaenda kukaa na wenyeji wa Mlima Elgon. Alikuwa na miaka 50 na mvi zake, watu wakamwita mzee. Kwa Kiswahili cha kuungaunga alikaa kwenye mashauri na wazee, akiwauliza wanaota nini. Mzee mmoja wa mambo ya dini akamjibu kwa huzuni kwamba tangu Wazungu waje hakuna ndoto tena, bwana DC ndiye anayejua yote. Kisa hiki kimenijia nikisoma barua yako. Wewe pia ulikuwa na lako la kusema kuhusu maisha yako, ikaja karatasi ikajua yote.

Na kivuli alichokizungumzia si unabii. Ni ile sehemu yako ambayo huipendi kuiona, ukaifungia stoo. Humo stoo mna hasira, sawa, ila mna na mambo mazuri ambayo mtu hakuruhusiwa kuyataka. Wino mwekundu umekuambia utakuwa nani. Kivuli, kwa maana yake, kingekuuliza tu umeficha nini.

Sasa hadithi yenyewe. Sinderela yupi? Kuna wa Mfaransa Charles Perrault, wa mwaka 1697, mwenye boga lililogeuka gari na kiatu cha kioo, ambaye bibi wa miujiza humkuta analia na kumtengenezea kila kitu. Yule wa ndugu wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, hana bibi wa miujiza. Anapanda kijiti kwenye kaburi la mama yake, anakimwagilia kwa machozi mpaka kinakuwa mti, na nguo zake zinatoka kwenye mti huo. Mama wa kambo anamwaga dengu jivuni amwambie azichambue ndipo aende ngomani. Anazichambua, akisaidiwa na njiwa. Anaomba ruhusa. Ananyimwa. Anaomba tena. Huyo ndiye anayekaa kumsubiri mtu? Mwenye kuandika dodoso alichagua mmoja akamwacha mwingine, na hakukuambia kwamba alichagua.

Mimi kwa upande wangu, na unaweza kunikatalia, sidhani Sinderela ni haiba hata kidogo. Ni zamu ya jikoni ambayo haikubadilishwa. Mtoe mahali pale, umpe mlango wake na ufunguo, ndipo utajua ni mpole au mkali, mcheshi au mnuni. Hadithi imeisha kabla hatujamfahamu.

Huyo mama wa kambo anayekutisha naye ana historia. Ndugu wale wa Grimm walipochapa kwa mara ya kwanza, mwaka 1812, kisa cha Snow White, yule binti mweupe kama theluji ambaye malkia alitaka auawe kwa wivu, malkia huyo alikuwa mama yake mzazi. Ilipofika chapa ya 1819, wakambadilisha: mama mzazi akafishwa, akaingizwa mama wa kambo, ubaya wote akarithi yeye. Waliona haifai watoto wasikie kwamba mama aliyekuzaa anaweza kukuonea wivu. Sisi huku tunasema wa kambo ni wa kambo, tukamaliza mjadala. Kila mahali wamemtafuta mtu wa kumtwisha yale ambayo mama yeyote, akichoka, anaweza kuyafanya.

Hapo nakuja nyumbani kwenu, na nitakwenda polepole. Baba yako alisema mbele ya wazee kwamba hatawaletea mama wa kambo. Aliwapenda, hilo haliko mashakani. Ila nakuomba ukiangalie kile kisa kutoka ulipokuwa umesimama wewe, na barua ya chuo mkononi. Nyumba haikukosa mama wa kambo. Ilimpata wa miaka 19, asiye na posa, asiye na mahari, na asiyeruhusiwa kuchoka, kwa sababu alikuwa dada. Je, umewahi kusikitika kuhusu kile chuo? Sizungumzii kulalamika. Kusikitika, kama mtu anavyosikitikia kitu kilichokufa. Kwenye barua yako umekipa maneno mawili, "Chuo nikakiacha," ukaingia kwenye uji.

Nauliza kwa sababu ya yule binti na nywele zake.

Ulifanya vibaya, na unajua, wala sitakupunguzia. Mtoto aliyeshika magoti bila kulia ameumia kuliko anayelia. Lakini ngoja tukae hapo mkekani kidogo. Alikuambia mama yake alikuwa anaanzia nyuma. Wewe ulisikia nini? Huenda ulisikia "hujui" au "hufanani naye". Huenda pia ulisikia sauti ya miaka mingi: mtoto mwingine wa mtu mwingine, na kichwa kingine cha kusuka, na mama aliyekufa ambaye huwezi kumfikia kwa wema. Wewe umekuwa ukishindana na marehemu tangu ukiwa kijana. Baba yako akisinzia anakuita kwa jina lake! Mtoto hakuwa anakulinganisha, naona. Alikuwa anakugawia kitu. Ana vitu vichache vya mama yake, na kimoja ni kwamba mkono ulianzia kisogoni.

Mtesaji hakumbuki magoti ya mtoto. Wewe unayakumbuka miezi hii yote. Hilo si cheti cha kwamba hutamvuta tena kwa chanuo, maana ndani ya nyumba mtu huchoka, na mtoto wa miaka 9 aliyefiwa atakupima, wa miaka 6 atakulilia usiku kwa jina lisilo lako. Swali ninaloliona mimi ni kama ukikosea utaweza kurudi kumwambia, "Nilikuumiza, nisamehe." Umeshamwambia?

Kuhusu wadogo zako. Malkia wa Theluji ameielewa semina kuliko ukumbi wote: ameona jina likishabandikwa linasamehe sahani. Nimecheka, lakini nikaona ndicho kinachokupata wewe kwa upande wa pili. Jina lake linamwondoa jikoni na lako linakufungia humo, na nyote wawili mnasema ni maumbile.

Nilipofika kwa dada yako na maneno yake ya "umeumbwa kutumikia", nilimkumbuka paa. Ile ngano ya Sultani Darai, ambayo Askofu Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapa mwaka 1870, bibi zetu waliijua bila kitabu. Maskini anachakura jaani kama kuku, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anamwokotea almasi, anamposea binti wa sultani, anaua nyoka wa vichwa saba ampatie bwana wake nyumba. Kisha paa anaugua. Anamtuma mwanamke mzee akamwambie bwana kwamba hali si nzuri. Bwana anajibu apikiwe uji wa mtama. Mkewe anamsihi, hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Siku moja bwana anaamka, yuko jaani anachakura.

Nilikuwa karibu nikuandikie: mwanangu, wewe si Sinderela, wewe ni paa. Nikajishika mkono, kwa sababu ningekuwa nimekutoa karatasi moja na kukupa nyingine. Tena hailingani. Kaka yako anatuma hela ya dawa kila mwezi, yule bwana hakutuma hata punje ya mchele. Ninachokichukua kwa paa ni kitu kimoja kidogo: aliomba kupitia kwa mtu. Wewe je? Wadogo zako wamewahi kusikia kwa mdomo wako, bila mzaha na bila "silalamiki", kwamba unataka kitu? Inawezekana hawana roho mbaya. Inawezekana hawajawahi kukuona ukitaka.

Tuje kwenye njia zilizopo, nami sitakuchagulia.

Unaweza kukubali posa ije kabla ya Ramadhani. Uzuri wake ni kwamba jambo litatoka gizani, na watoto watajua wewe ni nani kwao. Hatari yake ni haraka. Ukiondoka Ngamiani kabla hamjakubaliana nani ampime baba sukari, utakuwa Morogoro mwili tu, kila simu ikilia moyo unaruka, na watoto wale wataishi na mwanamke aliye nusu safarini. Kujifunza kipima sukari si kazi ya mwaka, mdogo wako wa chuo anaweza kufundishwa wiki hii. Kazi ni kumkabidhi bila kusimama nyuma yake.

Unaweza kuomba muda, tuseme hadi likizo ya mwezi wa kumi na mbili, watoto wakija uwe nao tena, na huku nyumba inazoea mikono mingine. Hiyo inaonekana ya busara, na kwa hiyo iangalie vizuri, kwa sababu mtu wa tabia yako anaweza kuomba muda mara nne mpaka mwanamume akachoka, kisha akasema haikuwa riziki. Ukiomba muda, taja tarehe.

Unaweza kukataa. Mwanamke anaweza kukaa na baba yake mpaka mwisho, akashona, akaheshimiwa, akawa na raha zake. Ila kataa kwa sababu humtaki yule bwana au hutaki kulea tena. Kulea watoto wawili baada ya kulea watatu na mzee si lazima kwa mtu yeyote, ukiwemo wewe. Kukataa ili karatasi isiwe imesema kweli, hapo ni karatasi ndiyo imeolewa. Kumhamishia baba Morogoro nimelifikiria pia. Mzee mwenye macho hafifu huijua nyumba yake kwa vidole, nawe ndiye unayejua kama ataweza kuanza upya kuhesabu ngazi.

Na huyo bwana. Unaogopa kwamba ni mwana wa mfalme aliyekuja kukuokoa. Kwa maelezo yako, mimi namwona fundi wa majokofu mwenye watoto wawili ambaye naye usiku analala akiwaza nani atamsuka binti yake. Nani anamwokoa nani hapo? Labda hakuna, labda ni watu wawili wazima wanaopatana. Lakini kuna mambo ningependa umuulize kabla ya washenga hawajavaa kanzu. Vyerehani vyako viwili vitakaa wapi Morogoro? Muulize barazani au stoo, na usikilize anavyojibu kabla ya kusikiliza anachojibu. Anatafuta mke, au anatafuta mama wa watoto? Anaweza kuwa anatafuta vyote, si kosa, ila aliseme. Picha ya marehemu iko ukutani? Itabaki? Mimi ningependa ibaki, lakini hilo ni langu. Na jikoni, siku ukiwa na sare mia za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, nani anapika?

La baba limenikalia moyoni. Usimwambie akiwa na usingizi, na usimwambie siku ile ile utakayomtajia posa. Kuna maneno yanayotangulia. Unaweza kuanza na chuo. "Baba, unakumbuka ile barua ya chuo?" Kisha nyamaza. Pengine ataudhika, pengine atalia, pengine atakuambia jambo ambalo kwa miaka 17 alikuwa anangoja aulizwe. Wazee wengi wanajua wamedai nini kwa watoto wao, wanashindwa pa kuanzia kama wewe.

Karatasi irudishe kabatini au ifungie vitumbua, nitakuachia. Kaka yako akituma tena picha ya kiatu, mjibu umevaa namba 39 na uko tayari kupokea jozi nzima.

Na yule binti akija likizo, mkalishe mkekani, anzia nyuma. Muulize mama yake akishafika utosini alikuwa anafanyaje. Ukipata nafasi, niandikie alichokujibu.